Digidigi Apata Nafasi ya Kwanza

Zamani kidogo, mtandao ulipokuwa umeshafika porini, Bi Digidigi alifungua tovuti ya kuuza vikapu vyake vya ukindu. Hakuna aliyeitembelea. Akamwendea Kasuku, ambaye hakosi ushauri kwa jambo lolote.

"Wanyama wanatafuta nini zaidi mtandaoni, dada?" Kasuku akauliza, kisha akajijibu. "Nyama laini. Basi yajaze maneno hayo kwenye tovuti yako."

Digidigi akaandika "nyama laini" kila mahali, hata chini ya picha yake. Kesho yake tovuti ikawa ya kwanza kwa kila atafutaye, naye akawa anacheza peke yake sebuleni, mpaka aliposikia hodi.

Alikuwa Chui, simu mkononi.

"Nimefuata nyama laini, bibi."

"Imekwisha, baba."

Chui akatazama picha, akamtazama yeye. "Mbona naiona imesimama?"

Digidigi aliponyokea dirishani. Kichakani alikojificha, akafuta yote na kuandika: "Vikapu imara vya kubebea mayai."

Wageni wa tovuti wakatoweka. Siku ya pili akabisha Mbuni, anahema.

"Nimetafuta kikapu cha mayai nikachoka, mwenzangu. Umetokea wewe tu."

Akanunua vyote.