Safari ya Mama Kwenda Dodoma

"Sitaki hoteli nzuri sana," Justa alimwambia Mama Blessing. "Nataka mahali ambapo mama hatasema turudi mapema."

Mama Blessing alikuwa akikunja vitenge kwenye meza yake sokoni Segese. Dodoma aliijua, mumewe aliwahi kufanya kazi huko. Akamshauri walale Area C, kwenye gesti yenye ua wenye kivuli, mbali na baa. Mchana wale wali na maharage Majengo, jioni kuku wa kuchoma. Wakapumzike Nyerere Square, walione Bunge, na kama miguu ya mama itakubali, wapande Mlima wa Simba.

"Mama yako ana bahati," alisema. "Wangu sijampeleka hata Mwanza."

Justa alishukuru, akaondoka haraka.

Mgodi wa dhahabu wa pale Segese ulikuwa unapanuka. Nyumba ya kwao ilikuwa ndani ya eneo lililochukuliwa, na nyuma ya nyumba kulikuwa na kaburi la baba yao, mzee Bujiku, aliyefariki mwaka uliopita. Majirani walishawahamisha marehemu wao. Mama yao, Scolastika, alikataa. Alisimama mbele ya kikao cha ukoo akasema atakayemgusa Bujiku, aanze kumzika yeye.

Ndipo Amosi, kaka mkubwa, alipompigia Justa simu.

"Mtoe mama nyumbani. Mpeleke Dodoma akatembee. Mkirudi tutakuwa tumemaliza, tutamwomba msamaha wote pamoja."

"Kwa nini mimi?"

"Ni wewe tu anayekusikiliza."

Justa hakuwa na nguvu ya kubishana. Tangu mazishi hakuwa na nguvu ya jambo lolote. Siku ile alijitupa kaburini, wanaume wakashuka kumtoa, akalazwa hospitali Kahama muda mrefu. Watoto wa chekechea aliokuwa akiwafundisha walishapewa mwalimu mwingine.

Alitegemea mama atagoma. Mama akauliza tu kama Dodoma kuna baridi, akafunga sweta lake kwenye kanga.

Gesti ilikuwa vile ilivyosemwa. Kila alfajiri Justa alisikia mama akinong'ona uani, akajua anasali rozari, akajifunika shuka hadi kichwani kwa aibu. Kisha mama aliingia, amejifunga vizuri, miguu imevimba.

"Leo tunaenda wapi?"

Walikwenda. Bunge walilitazama kutoka nje ya uzio. Mlima wa Simba waliishia chini yake, wakakaa juu ya jiwe wakila zabibu zilizokuwa na vumbi. Kwenye makumbusho ya madini mama alisimama mbele ya kabati la kioo lenye jiwe la dhahabu, akaliangalia kwa muda.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo, mama."

"Mbona ndogo."

Justa alicheka. Akashtuka kusikia sauti yake mwenyewe. Mama alimtazama.

Jioni, wakila kuku wa kuchoma, mama alihamishia paja kwenye sahani ya Justa. "Kula, ng'wanone, kula mwanangu." Justa alikula. Alimwona mama yake akifurahia safari kama mtoto, naye akijua kinachofanyika Segese. Amosi aliandika ujumbe: bado, ongezeni siku. Kabla Justa hajatafuta uongo wa kutumia, mama mwenyewe alisema, "Tukae tena kidogo. Hata ile treni ya umeme hatujaiona."

Wakaenda stesheni kuitazama treni. Mama alichoka mpaka akaketi kwenye ukingo wa barabara, lakini alisema ni nzuri.

Amosi alipoandika kuwa wamemaliza na nyumba imeshabomolewa, wakarudi. Basi liliwashusha Kahama jua likiwa bado kali. Gari la Segese lilikuwa linaita abiria. Justa akamshika mama mkono.

"Tunywe chai kwanza."

Walikaa kwa mama ntilie mmoja mtaa wa Nyahanga, hapo hapo Kahama. Chai ikaja, chapati zikaja. Justa hakugusa. Alitazama vumbi kwenye viatu vya mama yake, vumbi jekundu la Dodoma, na akaona hawezi kumwingiza mtu huyu garini bila kumwambia.

"Mama, hatukwenda Dodoma kutembea."

Mama alikuwa anapuliza chai.

"Amosi aliniambia nikutoe nyumbani. Wamemhamisha baba. Hata nyumba haipo tena. Nimekudanganya safari nzima, mama, nimekulisha, nimekutembeza, huku nikijua." Machozi yalikuwa yanashuka, lakini hakutetemeka, wala hakuanguka, na sauti haikukatika. "Nipige kama unataka."

Mama ntilie alijifanya anaosha vikombe.

Scolastika aliweka kikombe chini. Akatoa ncha ya kanga, akamfuta bintiye uso, taratibu, upande huu na upande huu. Akamtazama kama mtu anayekagua kidonda kama kimefunga.

"Walimlaza jana asubuhi," alisema. "Katekista alisali vizuri. Mahali penyewe nilipachagua mimi, pana kivuli."

Justa alimkodolea macho. "Nani alikwambia?"

"Amosi. Kila alfajiri nilikuwa naongea naye kwa simu pale uani." Alisogeza chapati mbele ya bintiye. "Mimi nilikubali ahamishwe tangu mwezi uliopita, mwanangu. Ila nilimwambia: Justa hawezi kuliona kaburi lile likifunguliwa tena. Mtafutie safari. Mwambie ni ya kwangu."