Sampuli ya Sauti

Siku hizi viwanda vya ng'ambo hunakili chochote unachotuma kama sampuli, hata sauti ya mtu. Mwanaidi, anayeagiza midoli inayosema, alituma ya bintiye Rukia.

"Sauti ya mtoto unaituma kama pindo la kanga?" mama mkwe wake alimuuliza.

"Ni vineno viwili tu, mama. Kuniita na kuniitikia."

Midoli ikapendwa. Mtaa mzima ukawa unaita, "Mama, njoo," kwa sauti ya Rukia, na Mwanaidi akazoea kutoinuka.

Jioni hii, akisonga ugali, aliitwa tena na tena, akatabasamu tu. Alipopakua, mkeka wa Rukia ulikuwa mtupu na mlango wa uani u wazi.

Alitoka mbio akimwita. Kutoka kila nyumba Rukia akaitikia, "Abee, mama."