Jiko la Meli

Wilkista alimwondoa kuku aliyekuwa ameatamia ndani ya jiko jipya, akahamisha mayai, akalifuta jiko kwa kitambaa na kulibeba hadi sebuleni. Akawasha makaa na kuteleka sufuria ndogo ya chai.

"Likae hapo mgeni alione," alimwambia mumewe, Barasa. "Na usimwache aje nyuma."

Kijijini kwao, karibu na Misikhu, waliliita jiko la meli. Kampuni moja ya meli ya ng'ambo, iliyobanwa na sheria za moshi, ndiyo iliyoyagawa majiko hayo ili watu waache kuni. Moshi ambao akina mama hawakuutoa, kampuni iliuhesabu kuwa ni yenyewe imeupunguza, na meli zake zikaendelea kutoa moshi baharini. Kwa kushukuru, ilichimba kisima na kuweka pampu. Lakini mkaguzi kutoka Kitale akikuta watu bado wanapikia kuni, pampu itang'olewa. Leo angekagua kwa Wilkista.

"Ati sisi tukizima moto, wao ndio wanawasha," Barasa alisema. "Hii biashara ilitungwa na nani?"

"Wewe kunywa maji ya pampu unyamaze."

Shida ilikuwa kuku. Mgeni haondoki Misikhu bila kuku na ugali, na sufuria ya ugali wa wageni haikai juu ya jiko la meli. Inakaa juu ya mafiga, yale mawe matatu ambayo Wilkista alipewa na mama mkwe alipoolewa. Na kwenye mafiga, jikoni nyuma ya nyumba, kuni zilikuwa zinawaka.

Gari jeupe liliingia. Mwanamume mwenye koti akashuka, akapangusa vumbi kwenye kioo cha mbele.

"Naitwa Gathii. Tumetoka Kitale, ni mambo ya majiko."

Barasa alimshika mkono na kumkalisha mbele ya jiko la meli.

Wilkista alipokimbilia jikoni, alikuta mwanamke amesimama mlangoni, viatu vimejaa matope ya njia ya shambani. Jirani yao Wangila alikuwa ameoa msichana wa kutoka Cheptais juzi, na bibi arusi alikuwa bado hajaonekana kanisani.

"Wewe ni wa Wangila, si ndio? Ingia mama, unisaidie. Mkaguzi ameshafika."

"Naitwa Chepngeno," mwanamke alisema. Akainama, akapuliza moto.

"Polepole na huo moshi. Akiuona tumekwisha."

"Kuni zako ni mbichi. Toa hii, weka hiyo kavu." Alikohoa kidogo. "Kwani lile jiko jipya halifanyi kazi?"

"Linafanya. Kuku anatagia humo. Usicheke, bana."

Chepngeno alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso.

"Na majirani?"

"Phelista anaweka vitunguu kwa lake. Ni hivyo nyumba zote. Lakini hiyo pampu, dada, wakiichukua tutarudi mtoni, na watoto waanze kuharisha tena."

Chepngeno alichukua mwiko akasonga ugali, mkono wake ukienda bila kuchoka.

"Wangila amepata mtu," Wilkista alisema.

Barasa aliingia kuchukua sahani, uso umekunjamana.

"Huyo mtu ni mjanja. Hajauliza neno moja juu ya jiko. Anauliza tu barabara ya Webuye iko namna gani."

"Anakupima. Mpelekee kuku haraka."

Mezani, Barasa alitafuta firigisi kwenye mchuzi, maana hiyo hupewa mkubwa wa wageni peke yake. Akaiweka kwenye sahani ya Gathii kwa mikono miwili.

Gathii aliitazama kwa hamu, kisha akaisukuma kando taratibu.

"Hiyo siwezi kula, mzee. Mimi ni dereva tu. Mwekeeni mkubwa wangu, alishukia njiani akapitia shambani, si ni yeye nasikia akicheka na mama huko jikoni?"