Kidonge cha Katikati ya Chakula

Mzee Geti alitafuna hewa. Kidonge chenyewe kilikuwa ndani ya ngumi yake, chini ya meza, kikianza kulainika kwa jasho.

"Umekimaliza?" mkewe aliuliza.

Mzee akafungua mdomo na kutoa ulimi kama mtoto. Mkewe akaridhika, akaenda jikoni kumletea maji. Hapo hapo mzee akakiponda kidonge kwa kitako cha kikombe, akamwaga unga wake kwenye maharage ya mkewe na kuyakoroga vizuri.

Na aile sumu yake mwenyewe, alijiambia.

Walimwita Mzee Geti kwa sababu alilinda lango la kiwanda mpaka figo zilipomwangusha. Alijua kumsoma mtu mwenye nia mbaya kwa kumwangalia tu. Na tangu aanze kusafishwa damu kwa mashine hospitalini, mkewe, ambaye kwa miaka alikuwa hamsemeshi, aligeuka mwema ghafla. Wema wa kutisha. Mzee hakuwa amesahau kwamba aliwahi kuuza cherehani ya mwanamke huyu, ile aliyoachiwa na mama yake, ili amnunulie viatu mwanamke mwingine. Siku ile mkewe hakulia. Alisema tu, "Iko siku, baba watoto." Sasa siku imefika, na imekuja na chupa ya vidonge.

Kilichomtia shaka zaidi ni ile amri ya kutafuna kidonge katikati ya chakula. Si kabla, si baada. Mkewe alimweleza kama alivyoelezwa na daktari: kwamba chakula kina madini ya fosfeti, kwamba ukuta wa utumbo una vilango vidogo sana vinavyoipokea fosfeti pamoja na chumvi na kuipitisha mpaka kwenye damu, na kwamba figo zikifa hakuna wa kuitoa tena. Kidonge huinasa humo tumboni kabla haijafika vilangoni, ndiyo maana lazima kikutane na chakula. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama vilango hivyo navyo vina mlinzi. Kwake jambo lilikuwa wazi. Kinachotaka kufichwa ndani ya chakula ni sumu.

"Maharage ya leo yana mchanga," mkewe alisema, akitafuna polepole.

"Au ni meno yako, mama watoto. Uzee huo."

Miezi ikapita, na kila mlo kidonge kiliishia kwenye sahani ya mkewe. Mwili wa mzee uliwasha hadi akawa anajikuna kwa kitana, naye akaamini ni mabaki ya vile vidonge vya mwanzo, alivyokula kabla hajashtuka. Faraja yake ilikuwa kumtazama mkewe. Mwanamke aliyezoea kubeba ndoo mbili bila kupumzika sasa alishika ukuta akipanda ngazi, na akiinuka kitini aliguna kwa maumivu ya mifupa. Siku moja alirudi kutoka mjini akiwa na pamba iliyobandikwa kwenye kunjo la mkono. Alipoulizwa, akasema amejigonga. Mzee alicheka moyoni. Anatafuta dawa ya sumu yake, aliwaza. Ameshachelewa.

Walipoitwa wote wawili kwa daktari, mzee alijiandaa. Alifunga kidonge kimoja kwenye leso. Angekiweka mezani, adai kipimwe, na mkewe aumbuke mbele ya watu.

Lakini daktari alimtangulia kusema.

"Mzee, fosfeti yako imepanda vibaya, na hatuelewi kwa nini, maana vidonge tunaambiwa unakula. Ila si hilo nililowaitia." Akamtazama mke wa mzee kidogo, kama anayeomba ruhusa. "Mama alitukataza kukwambia, asije akakupa tumaini la bure. Alijitolea kukupa figo yake moja. Vipimo vya kulingana vilikubali vyote. Tatizo ni yeye mwenyewe. Fosfeti kwenye damu yake imeshuka mno, mifupa na misuli inadhoofika, na chanzo hatukioni. Mtu wa hali hiyo hatuwezi kumtoa figo. Na wewe, mzee, huna muda wa kusubiri mwingine."

Leso ilikuwa tayari juu ya goti, fundo limeshafunguliwa nusu.

Mkewe alimshika mkono. Vidole vyake havikuwa na nguvu.

"Nisamehe, baba watoto," alisema. "Sijui nimekula nini."