Kilomita Nne za Bi Wanqiu

Majirani sita na Mzee Tan walikuwa wanalisukuma gari jekundu kupanda daraja, injini imezimwa, na Bi Wanqiu mwenyewe ameshika usukani.

"Msilegee jamani," alisema dirishani. "Na wewe Tan, mume gani anasukuma kwa vidole?"

Mara ya mwisho kuwashwa, dashibodi ilionyesha kilomita 599,996; injini ikizimwa, haihesabu. Kituo cha ukaguzi, ambako gari lilitakiwa kufika wiki hiyo, kilikuwa mbele kilomita sita, na gari likifikisha laki sita tu, sheria inalipeleka kwenye chuma chakavu. Mtaa mzima ulilijua hilo, maana Mzee Tan ndiye aliyerudi na habari kutoka kituoni miaka mitatu iliyopita.

Tangu siku hiyo gari lilikaa chini ya turubai. Bi Wanqiu, aliyelitumia miaka ishirini kupeleka tofu, ile jibini ya soya, wilaya nzima, akawa mtu wa kupanda basi. Jioni alikwenda kuketi ndani ya gari lake, akishika usukani. Ilitia huruma, kwa kweli.

Mzee Tan yeye alizoea upesi. Enzi za lifti za mkewe alikuwa akishika mpini wa mlango kwa mikono miwili, macho kayafumba. Sasa alikuwa na baiskeli na amenenepa mashavu.

Kituoni, afisa alipima breki na taa, akagonga muhuri.

"Limepita. Ila mbona mmelisukuma?"

"Laki sita, mwanangu," Bi Wanqiu alisema. "Tunaogopa mtalichukua."

"Nani kakwambia? Gari la mtu binafsi halichukuliwi, mama. Likifika laki sita tunashauri tu. Maadamu linapita ukaguzi, endesha hadi milioni."

Bi Wanqiu akalia palepale. Majirani, migongo ikiwauma, wakapiga makofi.

"Usijilaumu, mzee wangu," alimwambia mumewe. "Hukuelewa tu."

Afisa akainua miwani, akamtazama Mzee Tan kwa makini.

"Kumbe ni wewe, mzee? Si nilikueleza mwaka ule? Ukaniuliza mara tatu kama kweli hakuna namna ya kulipeleka kwenye chuma chakavu kwa lazima."

Majirani wakageuka wote. Bi Wanqiu akafuta machozi, akawasha injini, akafungua mlango wa abiria.

"Panda, mume wangu," alisema kwa upole. "Twende Chongqing kwa dada. Tunapita njia ya milimani."