Gurudumu la Mbele

Viti arobaini vya magurudumu vilipangwa uani mwa karakana, na kila kimoja kimeinama kushoto kama mtu aliyepiga goti. Hidaya, mpangaji wa vifaa, aliipitia karatasi yake ya mahesabu kwa mara ya tatu. Fremu arobaini. Magurudumu makubwa themanini. Magurudumu madogo ya mbele, arobaini. Alikuwa ameinakili orodha ya mwaka jana, walipotengeneza viti vyenye gurudumu moja tu mbele. Vya mwaka huu vilihitaji mawili.

"Si uagize mengine?" alisema fundi Mkude.

"Kwa nani, fundi? Waliokuwa wakiyatengeneza wamefunga kiwanda. Haya ndiyo yalikuwa ya mwisho."

Mkude alikuna kichwa, kisha akachukua spana. "Basi tung'oe ya viti ishirini tukamilishe ishirini. Majina unayo wewe. Utachagua."

Nje ya lango watu walioandikiwa viti hivyo walikuwa wakingoja tangu alfajiri. Hidaya alipofungua, mwanamke aliyembeba mumewe mgongoni alimsogelea, jasho likimchuruzika.

"Tumesikia viti vimekamilika, dada," alisema akitabasamu. "Nionyeshe tu nimshushe wapi."

Hidaya aliangalia orodha ya majina. Nyuma yake, Mkude alifungua nati ya kwanza. Gurudumu lilidondoka, likabingirika likapita miguuni pa Hidaya, likatoka langoni. Yule mwanamke, mzigo wake mgongoni, aliwahi kulizuia kwa mguu lisipotee.