Baba wa Mchezoni

Kashindye alikwangua masizi ya sufuria, akajipaka viganjani, akayasugua mpaka ndani ya kucha.

"We mtoto!" mama yake alifoka kutoka jikoni. "Mchezo gani huo?"

"Tunacheza baba na mama. Mimi ndiye baba, natoka kiwandani."

Mama alikaribia kucheka. Utotoni kwao Magu naye alicheza hivyo hivyo, akipika ugali wa udongo, na baba wa mchezoni alirudi na jembe begani. Siku hizi baba anarudi na grisi. Sawa.

"Mbona kazi yenyewe hujafanya? Umekaa tu nyuma ya jiwe, halafu unajipaka."

"Ndivyo baba anavyofanya. Tukitoka shule tunamwona kwenye mawe ya Mkuyuni. Anakaa weee, halafu anatoa kikopo cha grisi, anajipaka, ndipo anakuja nyumbani."

Mama alisimama na mwiko mkononi. Kiwandani walikuwa wakipunguza watu tangu Pasaka, lakini mume wake alikuwa ameapa kwamba jina lake halimo. Na kila jioni yeye ndiye aliyemmiminia maji, akamsugua vidole vile kwa sabuni ya unga. Alitaka kukasirika, hasira haikuja. Alitaka kulia, akaona aibu mbele ya watoto.

Mara mume wake akaingia uani, viganja vyeusi amevitanguliza mbele, akisubiri maji.

"Leo usinawe," mama alimwambia. "Keti kwanza."